Tramu za Addis Ababa: Matatizo yaliyozikwamisha na matumaini yaliyobaki

ILIPOZINDULIWA Septemba 20, 2015, reli ya tramu ya Addis Ababa ilipokewa kwa shangwe kubwa. Ilielezwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara, na picha za treni zake nyeupe zikipita juu ya madaraja mapya zilienea duniani zikiwa ishara ya Ethiopia iliyoamua kujenga upya mji wake mkuu.

Miaka michache baadaye habari zilibadilika. Tramu nyingi zilikuwa zimeegeshwa katika karakana zikisubiri vipuri, na mapema mwaka 2023 ilielezwa kuwa chini ya theluthi moja ya tramu 41 zilizonunuliwa ndizo zilizoweza kufanya kazi. Abiria waliozoea kupanda tramu kwenda kazini walirudi kwenye foleni za mabasi na daladala za rangi ya buluu na nyeupe ambazo zimekuwa zikiwasafirisha wakazi wa mji huo kwa miongo mingi.

Swali linaloulizwa ni hili: je, reli iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola inaweza kufufuliwa, au itabaki kuwa kumbukumbu ya zama za mikopo mikubwa?

Mradi ulivyoanza

Shirika la Reli la Ethiopia lilianzishwa mwaka 2007, na miaka miwili baadaye, yaani 2009, lilitiliana saini mkataba wa ujenzi wa reli ya mjini na kampuni ya China Railway Group. Gharama za mradi zilitajwa kuwa Dola milioni 475 za Marekani, na asilimia 85 ya fedha hizo ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Kazi za ujenzi zilishika kasi mwaka 2012, na majaribio ya tramu yalianza mapema mwaka 2015.

Sababu za kuijenga zilikuwa wazi. Addis Ababa, mji ulio juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ulikuwa ukipanuka kwa kasi. Nyumba mpya za ghorofa zilijengwa pembezoni, ilhali kazi, masoko na ofisi zilibaki katikati. Makadirio ya idadi ya wakazi hutofautiana, lakini mengi huiweka kati ya milioni nne na zaidi ya milioni tano. Mabasi ya shirika la Anbessa, jina ambalo kwa Kiamhari maana yake ni simba, hayakutosheleza mahitaji, na watu wengi walilazimika kwenda kwa miguu.

Njia zenyewe

Reli hiyo ina njia mbili. Ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 17.4, hutoka Ayat upande wa mashariki hadi Torhailoch upande wa magharibi, na ilianza kubeba abiria Novemba 2015. Ya pili, yenye kilomita 16.9, hutoka Uwanja wa Menelik II upande wa kaskazini hadi Kaliti upande wa kusini, na ndiyo iliyotangulia kufunguliwa mwezi Septemba. Njia hizo hukutana katikati ya mji na kutumia reli moja kwa umbali wa kilomita 2.7 hivi, hivyo urefu wa reli yote ni takriban kilomita 31.6. Vituo ni 39, vitano kati yake vikitumiwa na njia zote mbili.

Kimojawapo cha vituo hivyo vya pamoja ni Legehar, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya stesheni. Hapo ndipo reli ya zamani kutoka Djibouti ilipofika mwaka 1917. Upande wa kaskazini, ujenzi ulilazimu sanamu ya Abuna Petros, askofu aliyeuawa na Waitalia mwaka 1936, iondolewe mahali pake mwaka 2013 ili kupisha reli, kisha ikarudishwa baadaye.

Tramu hutumia umeme wa volti 750 unaotoka katika waya zilizo juu ya reli. Kila moja ina mabehewa yaliyounganishwa na inaweza kubeba abiria wapatao 300. Nauli ilipoanza ilikuwa kati ya birr mbili na birr sita kulingana na umbali, kiwango ambacho mfanyakazi wa kipato cha chini aliweza kukimudu. Kwa miezi 41 ya mwanzo uendeshaji ulikuwa chini ya wataalamu wa China, wakiwemo wa kampuni ya Shenzhen Metro, ambao pia walipaswa kuwafundisha madereva na mafundi wa Ethiopia.

Vipuri na fedha za kigeni

Chanzo kikuu cha kuzorota kwa huduma ni ukosefu wa vipuri. Tramu ni mtambo unaochakaa kila siku: magurudumu hulika, breki huisha, beringi hupasuka, na kifaa cha juu kinachogusa waya za umeme huhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Vifaa hivyo havipatikani katika maduka ya Merkato. Huagizwa kutoka kwa mtengenezaji, na hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Hapo ndipo penye tatizo. Kwa miaka mingi Ethiopia imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na dawa, mafuta na mbolea vililazimika kutangulia katika orodha ya manunuzi. Desemba 2023 nchi hiyo ilishindwa kulipa riba ya Dola milioni 33 ya hati yake ya mkopo wa kimataifa. Julai 2024 Serikali iliiacha sarafu yake ishuke au kupanda kulingana na soko, hatua iliyoambatana na mkopo wa Dola bilioni 3.4 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya birr ilianguka kwa zaidi ya nusu katika miezi iliyofuata.

Athari kwa tramu ni rahisi kuielewa. Mwaka 2015, wakati dola moja ilipokuwa ikibadilishwa kwa birr 20 na ushei, nauli ya birr sita ilikuwa sawa na senti 30 hivi za Marekani. Dola ikiwa birr 120, nauli hiyo hiyo ni senti tano tu. Hata ikipandishwa maradufu, bado hailingani na thamani iliyokuwa nayo mwanzoni. Mapato huingia kwa birr, gurudumu hununuliwa kwa dola, na pengo kati ya viwili hivyo hupanuka kila sarafu inaposhuka.

Aidha, deni la ujenzi haliangalii kama tramu inatembea au imelala karakanani.

Hesabu ya kusubiri

Uchache wa tramu huleta madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua njia ya kilomita 17 ambayo tramu huchukua dakika 50 hivi kuimaliza. Kwenda, kugeuza na kurudi ni kama saa mbili. Zikiwapo tramu 20 katika njia hiyo, abiria atapata moja kila baada ya dakika sita. Zikibaki nne, atasubiri nusu saa, na itakapofika itakuwa imejaa kiasi kwamba wengi watabaki kituoni.

Abiria akishasubiri hivyo mara kadhaa, hutafuta usafiri mwingine na harudi tena. Mapato hupungua, fedha za matengenezo hupungua zaidi, na tramu nyingine huegeshwa. Ndiyo maana wataalamu wa usafiri husema kuwa njia ya reli haifi siku moja. Hufa kidogo kidogo, kadiri muda wa kusubiri unavyorefuka.

Kasoro za mpango

Vipuri pekee havitoshi kueleza yote. Katika miaka ya mwanzo, kukatika kwa umeme kulisimamisha tramu mara kwa mara, ingawa reli ilijengewa vituo vyake vya kupoza umeme. Tiketi zilikuwa za karatasi na ziliuzwa katika vibanda vilivyo kando ya vituo, utaratibu uliochelewesha abiria na kufanya udhibiti wa mapato kuwa mgumu.

Vilevile, reli iliyozungushiwa uzio katikati ya barabara iligawa mitaa. Watu waliokuwa wakivuka upande wa pili kwa hatua chache walilazimika kuzunguka mbali au kupanda madaraja, jambo zito kwa wazee, walemavu na wabeba mizigo. Wafanyabiashara wa kando ya barabara walilalamika kuwa wateja wamepungua.

Kasoro nyingine ni kutounganishwa na usafiri mwingine. Mabasi na daladala hayakupangwa upya ili yawalete abiria vituoni, wala hapakuwa na tiketi moja ya kutumika kote. Mtu aliyeshuka Ayat na kuishi kilomita tatu zaidi alilipa nauli mbili na kusimama katika foleni mbili.

Wengine walivyofanya

Addis Ababa si mji pekee uliopatwa na hali hiyo. Reli ya mjini ya Abuja, Nigeria, iliyojengwa pia na kampuni ya China kwa mkopo wa Exim, ilifunguliwa Julai 2018, ikasimama mwaka 2020 wakati wa janga la corona, na haikurejea hadi Mei 2024.

Kwa upande mwingine upo mfano wa Morocco. Mji wa Casablanca ulifungua njia yake ya kwanza ya tramu Desemba 2012, ya pili Januari 2019, na mbili nyingine Septemba 2024. Tofauti kubwa ni kwamba uendeshaji ulikabidhiwa kwa mkataba wa muda mrefu kampuni yenye uzoefu, RATP Dev ya Ufaransa, na mkataba ulipohuishwa mwaka 2017 uliwekwa kwa miaka 12. Mji pia una chombo chake maalumu kinachosimamia usafiri, hivyo wajibu wa kila upande unajulikana.

Wakazi wa Dar es Salaam nao hawahitaji kusafiri mbali ili kulielewa somo hili. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016, na baada ya muda yakakumbwa na upungufu wa mabasi na misongamano vituoni. Barabara ya awamu ya pili kwenda Mbagala nayo ilikaa muda mrefu ikiwa tayari, ikisubiri mabasi. Kujenga njia ni jambo moja, na kuhakikisha kuwa kuna chombo kizima cha kupita juu yake kila asubuhi ni jambo jingine.

Matumaini yaliyobaki

Pamoja na yote hayo, hoja za kuifufua reli ya Addis Ababa zina uzito. Kwanza, kazi iliyo ngumu na ghali kuliko zote imeshafanyika: reli, madaraja, handaki, vituo na mfumo wa umeme vipo. Gharama ya kuzifanyia matengenezo tramu zilizolala ni sehemu ndogo ya zile Dola milioni 475 za ujenzi.

Pili, suala la nishati limebadilika. Ethiopia huagiza mafuta yake yote kutoka nje kwa fedha za kigeni, lakini umeme huuzalisha yenyewe kutokana na maji. Bwawa Kuu la Renaissance katika Mto Nile, lenye uwezo wa megawati 5,150, lilizinduliwa rasmi Septemba 2025. Mwaka 2024 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi yanayotumia petroli na dizeli. Katika mazingira hayo, chombo kinachobeba watu 300 kwa umeme wa nyumbani kina faida ambayo basi la dizeli halina.

Tatu, mji unaendelea kukua kuelekea kule kule reli inakoelekea, hususan upande wa mashariki wa Ayat. Mahitaji hayajapungua, kilichopungua ni huduma.

Hata hivyo, kufufua kwa maana ya kutengeneza tramu chache na kuzindua upya hakutasaidia iwapo chanzo cha tatizo kitaachwa. Yapo mambo matatu yasiyokwepeka. La kwanza ni kutenga kila mwaka fungu la fedha za kigeni kwa ajili ya vipuri, kama nchi inavyotenga kwa ndege zake. Shirika la Ndege la Ethiopia, ambalo mafundi wake hutengeneza hata ndege za mashirika mengine, ni ushahidi kuwa utaalamu wa matengenezo unaweza kujengwa nchini humo. La pili ni kuamua waziwazi nani atalipa pengo la nauli: abiria, mji au Serikali Kuu. Nauli ndogo ni sera nzuri ikiwa kuna anayeifidia, na ni hukumu ya kifo kwa huduma ikiwa hayupo. La tatu ni kuyafanya mabasi yawe mikono ya tramu badala ya kuwa wapinzani wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Addis Ababa ukuta bado umesimama na nyufa zinaonekana. Kadiri tramu zinavyokaa karakanani ndivyo bei ya kuzirudisha barabarani inavyopanda, na ndivyo mfanyakazi wa Kaliti anayetoka nyumbani alfajiri anavyozidi kuzoea kupanga safari yake bila kuzihesabu.