Kadi ya Inchi Nne: Lebo za Kaseti na Kompyuta za Nyumbani

Historia za kompyuta za nyumbani, zile zilizoingia katika sebule na vyumba vya Marekani na Uingereza kuanzia mwaka 1977, zina desturi ya kuipita haraka kazi ya kuchapa lebo za kaseti. Ikitajwa, hutajwa pamoja na kuhifadhi mapishi na kupiga hesabu za matumizi ya nyumba, yaani kama sababu waliyotoa wauzaji walipokosa la kumjibu mnunuzi aliyeuliza mashine hii ni ya nini. Naona hukumu hiyo si ya haki. Programu ya lebo ilimkalisha mtu asiye karani wala mpiga chapa mbele ya kazi mbili kwa mpigo: kugawa anachokijua katika sehemu zenye majina, na kukipanga kikae ndani ya kipande cha karatasi chenye mipaka mikali. Kazi hizo mbili ndizo zilizokuja kuwa msingi wa karibu kila tunachokifanya na kompyuta leo, na kwa watu wengi zilianzia kwenye kadi ya kaseti.

Ni lazima kwanza kuielewa kadi hiyo. Kaseti ilitengenezwa na kampuni ya Philips, katika kiwanda chake cha Hasselt nchini Ubelgiji, na kundi lililoongozwa na Lou Ottens, ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya redio ya Berlin mwaka 1963. Ilikusudiwa zaidi kwa sauti ya mazungumzo, lakini utepe ukaboreshwa, mfumo wa Dolby ukapunguza mvumo, na Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979 kaseti ilikuwa tayari chombo cha muziki. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na sahani moja ya santuri kwa kawaida ilichukua dakika arobaini hivi kwa pande zake zote mbili. Kwa hiyo kaseti moja ilibeba sahani mbili nzima. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kadi iliyokunjwa ndani ya kasha ina upana wa takriban inchi nne, na mgongo wake, ile sehemu pekee inayoonekana kaseti zikipangwa rafuni, ni nusu inchi tu. Ndani ya nafasi hiyo yaandikwe majina ya sahani mbili, ya wasanii wawili, nyimbo ishirini au zaidi, aina ya utepe, na kama Dolby ilitumika au la, maana kuipiga bila kujua kungeharibu sauti. TDK na Maxell waliuza kaseti tupu zikiwa na kadi yenye mistari na stika za kubandika. Mistari haikutosha, na mwandiko wa kawaida haukuwa mdogo kiasi hicho.

Printa ndiyo iliyoleta jibu, na sehemu hii ya historia inastahili kuangaliwa kwa rula. Mwaka 1980 kampuni ya Epson ilitoa MX-80, printa iliyogonga utepe wa wino kwa vijisindano tisa na kuunda kila herufi kwa nukta. Haikuwa ya kwanza ya aina yake, lakini amri zake zilienea kiasi kwamba watengenezaji wengine walizifuata kwa miaka mingi. Kwa herufi za kawaida ilichapa herufi 10 kwa kila inchi, hivyo kadi ya inchi nne ilipokea herufi 40. Skrini ya Apple II na ile ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, zilikuwa pia na upana wa herufi 40. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba mtumiaji aliona kwenye skrini mstari wenye urefu uleule utakaotoka kwenye kadi, sifa ambayo kompyuta za bei kubwa zilijitangazia. Nchini Uingereza printa ndogo ya kampuni ya Sinclair, iliyotolewa mwaka 1981, ilichoma herufi kwa cheche juu ya karatasi ya rangi ya fedha yenye upana wa takriban inchi nne, herufi 32 kwa mstari, sawa na skrini za kompyuta zake, ZX81 na baadaye Spectrum. Na aliyekuwa na Epson aliweza kuituma alama namba 15, printa ikabana herufi zake hadi kufikia 17 hivi kwa inchi. Kadi ileile sasa ikabeba herufi 68 kwa mstari: jina la wimbo, la mwimbaji na dakika zake, vyote kwa pamoja. Mgongo wa nusu inchi, kwa mistari sita kwa inchi, ulipokea mistari mitatu, na mkunjo ukigeuka kidogo mmojawapo unapotea. Mtu aliyepambana na mistari hiyo mitatu alikuwa akijifunza kazi ya mpangaji wa kurasa, hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Programu zenyewe nyingi hazikununuliwa. Magazeti ya kompyuta ya miaka hiyo yalichapa programu fupi za lugha ya BASIC ukurasa hadi ukurasa, msomaji akaziingiza mwenyewe kwa kidole, mstari baada ya mstari, na nyingine zilizunguka mikononi mwa wanachama wa vilabu. Programu ya lebo ilifaa sana kwa mtindo huo kwa kuwa ilikuwa fupi na mtu aliweza kuibadilisha. Iliuliza maswali: jina, msanii, upande A, upande B, tarehe. Kisha ikachapa. Lakini swali linalofuata lilikuja lenyewe: kwa nini niandike tena kesho niliyoyaandika leo? Basi data ikahifadhiwa, mara nyingi ndani ya kaseti nyingine, kwa kuwa kompyuta hizo zilitumia kaseti kama ghala lao la bei nafuu. Kwa mwenye kifaa cha disketi mambo yalikuwa mepesi zaidi. Disketi ya Commodore ya kilobaiti 170 ingebeba kadi zaidi ya mia moja zilizojaa maandishi. Hatua hiyo ndogo, kutoka kuchapa hadi kutunza, ndiyo iliyoigeuza programu ya lebo kuwa katalogi. Mwenye kaseti 100 sasa aliweza kuuliza ni zipi zina mwimbaji fulani, akapata orodha kwa alfabeti.

Ushahidi kwamba lebo ilikuwa na nguvu ya kuzaa mambo makubwa haupo kwenye muziki peke yake. Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM katika jimbo la Washington aliyejulikana zaidi kwa jina la Jim Button, aliandika kwenye Apple programu ndogo ya kuchapa lebo za anwani za waumini wa kanisa. Alipoihamishia kwenye kompyuta ya IBM akawapa watu bure na kuwaomba wanaoipenda wachangie kidogo. Programu hiyo, PC-File, ya mwaka 1982, ni miongoni mwa mbili zilizoanzisha desturi ya kugawa programu kwanza na kulipwa baadaye. Ilianza na lebo, ikaishia kuwa mfumo kamili wa kutunza kumbukumbu. Njia ya lebo za kaseti ilikuwa hiyohiyo, ila ilipitiwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kalamu. Mtu angemaliza kuandika kadi kwa mkono kabla kompyuta haijamaliza kuipakia programu, na printa ya sindano ilipiga kelele ya kukera nyumba nzima. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kaseti moja. Ni ya kweli pia kwa kaseti aliyorekodiwa mpenzi, ambayo mwandiko wake ulikuwa sehemu ya zawadi. Hapo lebo ya printa ingekuwa baridi. Lakini programu hizo hazikuwalenga wapenzi. Ziliwalenga watunzaji, watu waliorekodi vipindi vya redio, mahubiri, mihadhara, masimulizi ya wazee wa ukoo, na zaidi ya wote, maonyesho ya muziki ya jukwaani. Mtunzaji hana shida na kadi moja. Shida yake ni kwamba kadi ya mia mbili ifuate utaratibu wa kadi ya kwanza, na kalamu haina uwezo wa kumkumbusha utaratibu huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mashabiki wa bendi ya Grateful Dead ya California. Bendi hiyo haikuwazuia wasikilizaji kurekodi, na Oktoba 1984, mjini Berkeley, ikaanza kuwatengea wenye maikrofoni eneo lao ndani ya ukumbi. Rekodi hizo zilibadilishwa kwa kaseti tupu na gharama ya posta, bila kuuzwa. Sasa fikiria kazi ya lebo katika ulimwengu huo. Wimbo uleule umepigwa mamia ya mara, kwa hiyo jina la wimbo halitambulishi chochote. Kinachotambulisha ni tarehe, mji, ukumbi, mpangilio wa nyimbo, kama sauti imetoka kwenye mitambo ya jukwaani au kwenye maikrofoni ya msikilizaji, na kaseti hii ni nakala ya ngapi kutoka ya asili, kwa kuwa kila kunakili kuliongeza mvumo. Tarehe ikikosewa, kaseti inakuwa yatima. Watu hawa walibadilishana orodha kama walivyobadilishana kaseti, na orodha iliyochapwa kwa utaratibu mmoja ilisomeka na mtu asiyemfahamu mwandishi. Kompyuta ilifanya kazi ambayo mwandiko mzuri peke yake usingeiweza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kimaadili: kwamba lebo nadhifu ziliupamba wizi. Nchini Uingereza chama cha makampuni ya rekodi kilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampeni kali ya kudai kurekodi nyumbani kunaua muziki. Wasanii walikuwa na haki ya kuuliza malipo yao yako wapi, na sioni sababu ya kulipuuza swali hilo. Ila lebo haina hatia wanayoibebesha. Mwizi wa kibiashara alihitaji jalada la rangi la kumdanganya mnunuzi, na hilo lilitoka kwenye mitambo ya matbaa. Herufi za nukta za Epson hazikumdanganya mtu yeyote. Zilitangaza wazi kuwa kaseti hii imetengenezwa nyumbani. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu kurekodi nyumbani ilikuja kumkinga na mashtaka mtu anayejirekodia muziki kwa matumizi yasiyo ya biashara.

Wapo pia watakaosema heshima ninayoipa lebo ni ya Macintosh, printa ya leza ya Apple na programu ya PageMaker, vilivyokutana mwaka 1985 na kuleta uchapishaji wa mezani. Kwa ofisi na magazeti madogo, sawa. Lakini printa ile ya leza ilitoka kwa dola 6,995, bei ambayo familia ya kawaida isingeifikiria. Mwaka mmoja kabla yake programu ya The Print Shop ilikuwa tayari inawachapia wenye Apple II kadi za salamu na mabango kwa printa ya sindano. Uchapishaji wa nyumbani ulikuwa na njia yake, ya karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na njia hiyo haikusubiri leza.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kuzilegeza pingu hizo kulichukua muda mrefu, mpaka miaka ya 1990. Katika miaka yote ambayo kijana wa Ohio au Leeds alikuwa akihesabu herufi 68, kaseti zetu za taarabu, dansi na mawaidha zilinakiliwa na kupita mkono hadi mkono, na nyingi zilibaki na jina la msanii tu, au hazina kitu kabisa. Sisemi kompyuta ingetuokoa. Daftari lenye safu tano lingetosha. Nasema tulikosa kile ambacho programu ile ilimlazimisha mtumiaji wake akifanye, yaani kujibu kila mara maswali yaleyale: nani, wapi, lini, nakala ya ngapi. Sauti nyingi za ukanda huu ziko kwenye utepe hadi leo, na hakuna awezaye kusema ni za mwaka gani.

Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni namna ya kuweka maelezo mwishoni mwa faili la muziki la MP3: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka na 30 za maelezo mengine. Sidai kwamba aliyatoa kwenye kadi ya kaseti. Lakini yeyote aliyewahi kujaza programu ya lebo angeyatambua mara moja maswali hayo, pamoja na ule ufinyu unaolazimisha jina refu likatwe. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohamisha kaseti za familia, za msikiti, za kanisa au za redio kwenda kwenye kompyuta ni hili: kabla ya kugusa utepe, piga picha ya kadi pande zote mbili, ya lebo ya upande A na ya upande B, kisha nakili kila neno lililoandikwa humo kwenye faili, hata lile linaloonekana halina maana. Kadi usiitupe.