Flaiwili Nyepesi na Klachi ya Nguvu

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lifungwalo mkiani mwa kranki, lihifadhilo nishati ya mzunguko. Mafundi wa magari ya mashindano, mithili ya yale ya Safari Rally iliyoasisiwa mwaka 1953, hulipunguza uzito, hasa ukingoni, ili injini ipandishe mizunguko kwa wepesi, wakaliambatanisha na klachi yenye springi kali isiyoteleza. Lakini katika bonde la Kilombero, ambako masika hugeuza barabara za udongo kuwa tope na gari hutoka Ifakara limesheheni magunia ya mchele, wepesi huo aghalabu ni hasara: injini huzimika wakati wa kuondoka, na dereva, kwa kuhofia hilo, hukanyaga klachi nusunusu hata harufu ya kuungua ikahanikiza.