Jina la Kwanza Kwenye Makala

Homa ya Bonde la Ufa imebeba jina la kwetu. Kutoka hapa Rongai (ya Nakuru, si ile ya Kajiado) hadi Naivasha ni safari ya asubuhi moja, na ni kwenye shamba moja karibu na ziwa lile ndiko kondoo walikoanza kufa ovyo mwaka 1930. Watafiti wa maabara ya mifugo ya Kabete walikuja, na mwaka 1931 wakachapisha makala kuonyesha kwamba ni kirusi kipya. Juu yake kuna majina matatu: Daubney, Hudson na Garnham.

Wachungaji wa kondoo wale waliugua pia. Homa yao ilikuwa sehemu ya ushahidi kwamba kirusi hiki kinaingia kwa binadamu, lakini hawana majina. Utaniambia, sawa, mchungaji hakuandika makala. Kweli. Basi tumchukue mtu aliyesoma hadi mwisho.

Mwaka 1976 Yambuku, kaskazini mwa Zaire, ilivamiwa na homa isiyojulikana. Serikali ilimtuma Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongo mwenye shahada ya uzamivu kutoka Leuven, Ubelgiji. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, akanawa kwa maji na sabuni tu. Akarudi Kinshasa na mtawa Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa, na damu ikapelekwa Antwerp kwa ndege, ndani ya thamosi. Humo ndimo Ebola ilimopatikana. Mlipuko ule ulishika watu 318 na kuua 280.

Machi 1977 jarida la Lancet lilitoa makala tatu kuhusu kirusi hicho. Muyembe si mwandishi wa hata moja. Kwa miaka arobaini na zaidi, hadithi nyingi zilianza pale thamosi ilipofunguliwa, si pale damu ilipotolewa.

Mzee hakuondoka kazini. Mwaka 1995 kule Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Wakosoaji walisema hakukuwa na kundi la kulinganisha, na hoja hiyo ina uzito. Lakini ni kwa damu ya manusura wa Kikwit ndiyo kingamwili mAb114 ilitengenezwa, kisha ikajaribiwa mashariki mwa Kongo. Matokeo yalitoka New England Journal of Medicine mwaka 2019, na jina la kwanza ni la Mkongo, Sabue Mulangu. Hayo ni masahihisho ya aina yake.

Siku hizi kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti 4 ya kuitwa mwandishi: uchangie kazi kwa uzito, ushiriki kuandika au kuipitia rasimu, uidhinishe nakala ya mwisho, na ukubali kuwajibika. Sharti la pili lina mlango wa nyuma. Usipomtumia rasimu aliyechukua sampuli, hataipitia, halafu unasema hakushiriki. Kamati yenyewe inakataza ujanja huo. Na jina likiwa limesahaulika, jarida linaweza kuchapisha masahihisho, mradi waandishi wote watie sahihi. Hapo ndipo shida: anayeomba kuongezwa mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote.

Mimi niliacha chuo, sina makala ya kudai. Lakini najua jina si sifa tupu. Ndilo linaleta ruzuku, kazi, na kiti mezani siku ya kuamua dawa iende wapi.

Wachungaji wa Naivasha hatutawapata tena kwa majina. Ila homa ile hurudi na mvua kubwa, kama 1997 na 2006, na wa kwanza kuiona huwa ni mchungaji, kisha afisa wa mifugo wa wadi. Wakubaliane na watafiti nani ataandikwa wapi siku ya kwanza ya sampuli, kabla rasimu haijaanza.