Kabro yangu, udongo wa shosho

Wasee, leo tuongee historia ya uwanja wa nyumba. Kaloleni, hapa Makadara, ilijengwa miaka ya 1940. Ramani yake ilifuata wazo la Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alitoa kitabu akitaka miji yenye bustani. Ndiyo maana nyumba zetu za mawe na vigae zimeachiana nafasi. Serikali ya kikoloni ilizoea kumwona Mwafrika mjini kama kibarua asiye na familia. Hapa ikajenga nyumba za familia, na familia zikaupa udongo kazi. Shosho alipanda sukuma, parachichi na ua wa kayaba, ule mmea wa miiba ulioupa mtaa wa Mukuru Kayaba jina lake.

Nilipoacha chuo, pesa yangu ya kwanza ya video niliweka kwa kabro. Nikafunika uwanja wote, nikapiga picha, mkaipenda. Mvua ya Aprili 2024 ikaingia hadi chini ya kitanda cha shosho. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa maji yapite wapi, mjukuu wangu?"

Nimeng'oa nusu. Kabro imebaki njiani pekee, kando ni udongo na nyasi. Kabla hujaweka yako, jibu kwanza swali la shosho.