Onesimus, Wachungaji na Ndui ya Boston, 1721

1. Utangulizi

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini Tanzania kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Mimbari za nchi yetu hazikusema kwa sauti moja juu ya jambo hilo. Wapo watumishi waliowahimiza waumini kuchanja, na wapo waliofundisha kwamba kuchanja ni upungufu wa imani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mabishano hayo si mapya. Miaka 300 kabla yake, mji wa Boston katika koloni la Massachusetts uligawanyika kwa ajili ya jambo linalofanana na hilo, na wachungaji walikuwa katikati ya mgogoro. Aidha, elimu iliyogombaniwa ilikuwa imetoka kwa Mwafrika.

2. Ushuhuda wa mtumwa

Mwaka 1706 washarika wa Mchungaji Cotton Mather, Mpuritani, walimpa zawadi ya mtumwa kutoka Afrika Magharibi. Mather akamwita Onesimus, kwa kufuata jina la yule mtumwa wa Filemoni. Alipomwuliza kama amewahi kuugua ndui, alijibiwa ndiyo na siyo. Onesimus alieleza kwamba kwao usaha wa mgonjwa wa ndui hutiwa katika mchanjo mdogo wa ngozi ya mtu mwenye afya. Naye huugua kidogo, kisha hapatwi tena na ugonjwa huo. Alionyesha kovu mkononi mwake. Mather akawauliza Waafrika wengine mjini, na maelezo yao yakalingana. Alikuta pia kwamba taarifa ya tabibu Emanuel Timonius kutoka Konstantinopoli ilieleza desturi hiyo hiyo, na tarehe 12 Julai 1716 akaandika habari hizo kwa Royal Society ya London.

Njia hiyo haikuwa chanjo kwa maana ya leo, kwa kuwa mtu alipandikizwa ndui yenyewe. Chanjo iliyotokana na ndui ya ng'ombe ililetwa na Edward Jenner mwaka 1796.

3. Mlipuko na mgawanyiko

Mwezi Aprili 1721 meli ya Seahorse ilileta ndui Boston, mji wenye wakazi wapatao 11,000. Mather aliwaandikia matabibu wa mji, lakini aliyekubali ni Zabdiel Boylston peke yake. Tarehe 26 Juni Boylston alimpandikiza mwanawe Thomas, mwenye umri wa miaka 6, pamoja na mtumwa wake Jack na mtoto mdogo wa Jack. Wote watatu walipona.

Habari hizo ziliwaudhi watu wengi. Wakuu wa mji walimkataza Boylston kuendelea. William Douglass, tabibu pekee mjini mwenye shahada ya udaktari, aliongoza upinzani, na gazeti la New-England Courant, lililoanzishwa Agosti mwaka huo na James Franklin, likawa mahali pa kuwakejeli wachungaji. Hoja za wapinzani zilikuwa nne: kumtia ugonjwa mtu mzima ni kuvunja amri inayokataza kuua, ndui ni adhabu ya Mungu isiyofaa kukwepwa, aliyepandikizwa aweza kuwaambukiza jirani, na ushuhuda wa watumwa haustahili kuaminiwa.

Wachungaji kadhaa, miongoni mwao Increase Mather, baba yake Cotton, na Benjamin Colman, walimtetea Boylston. Walifundisha kwamba kutumia dawa kwa kutegemea baraka ya Mungu si kumkana Mungu, na kwamba amri ile ile inayokataza kuua inatudai kuhifadhi uhai. Hata hivyo utetezi huo ulikuwa na gharama. Mwezi Agosti Cotton Mather alimpandikiza mwanawe Samuel kwa siri, akiogopa kifo cha kijana na hasira ya watu. Kijana aliugua sana, akapona. Mwezi Novemba bomu lilitupwa ndani ya nyumba ya Mather usiku, lakini halikulipuka.

Ugonjwa ulipokwisha, karibu watu 6,000 walikuwa wameugua kwa njia ya kawaida, na 844 walikufa, yaani kama mmoja kati ya saba. Katika watu zaidi ya 240 waliopandikizwa na Boylston, walikufa sita, yaani kama mmoja kati ya arobaini.

4. Tathmini

Hesabu hizo zaweza kutufanya tuwahukumu wapinzani kuwa wajinga. Hiyo si haki. Hoja ya maambukizi ilikuwa ya kweli, kwa maana waliopandikizwa waliweza kuwaambukiza wengine ndui kamili. Tena watu walikumbuka kwamba Mather alikuwa ametetea hukumu za wachawi wa Salem za mwaka 1692. Mchungaji huyo alikuwa na ukweli mkononi, lakini aliwaona waliompinga kuwa wametawaliwa na Shetani. Kwa namna hiyo hofu ya watu haikupata mtu wa kuisikiliza.

Jambo la pili ni zito zaidi. Jack na mtoto wake walikuwa mali ya bwana wao. Hawakuwa na nafasi ya kukataa. Naye Onesimus alipewa uhuru wenye masharti mwaka 1716, baada ya kutoa fedha za kumnunua mtumwa mwingine mahali pake. Mather aliipokea elimu yake, lakini hakumpokea kama Paulo alivyomwomba Filemoni ampokee Onesimo, si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa.

5. Hitimisho

Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini, na katika barua yake juu ya kuukimbia ugonjwa alifundisha kwamba anayedharau dawa humjaribu Mungu, na anayemwacha jirani huvunja upendo. Mafundisho hayo mawili hayatenganiki. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Kwa hiyo mtumishi atakayehimiza chanjo kwa haki ana neno jema la kuwaambia washarika. Lakini imempasa kwanza aketi nao, asikie wanaogopa nini, awaeleze faida pamoja na hatari zake, na asimtumie mnyonge kuwa wa kujaribiwa. Hapo ndipo Boston ilipopungukiwa, ingawa dawa yake ilikuwa njema.