Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Gari lilipofika katika mwambao wa Afrika Mashariki lilikuta lugha ya watu wa baharini, na lugha hiyo ikalivisha maneno ya jahazi. Gurudumu la kuongozea likaitwa usukani, jina la ule ubao wa tezi ambao nahodha huutumia kugeuza chombo chake. Waliopakiwa wakawa abiria, malipo yao nauli, mizigo yao shehena; na gari lenyewe likaingia katika jamii ya vyombo vya moto. Hata hivyo yalibaki mambo machache ambayo bahari haikuwa na majina yake: breki, gia, klachi na leseni. Matatu ya kwanza ni vipande vya chuma. La nne ni karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa ngeni kuliko chuma chote.

Nahodha wa zamani hakupewa karatasi. Alianza utotoni kwa kukumba maji na kupika, akapanda hadi ubaharia, pengine na userahangi, akajifunza nyota na miamba, kaskazi na kusi, chini ya macho ya watu wale wale kwa miaka mingi. Siku alipokabidhiwa chombo, waliomkabidhi walikuwa wakimjua tangu hajaota ndevu. Udereva wa gari ulileta desturi iliyo kinyume kabisa: mtu hupimwa na mgeni, kwa muda wa nusu saa, na aghalabu wawili hao hawaonani tena maishani. Desturi hiyo haikuzaliwa pamoja na gari. Ilichelewa, na kuchelewa kwake kulihesabiwa kwa makaburi.

Mwaka 1888 Karl Benz, fundi wa Mannheim nchini Ujerumani, alipata kibali cha serikali cha kuliendesha gari lake katika njia za watu. Kibali hicho kilihusu chombo. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kukiendesha, maana hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kumtahini. Tarehe 14 Agosti 1893 wakuu wa polisi wa Paris walitoa amri iliyomtaka kila mwenye gari la injini awe na cheti cha kuthibitisha uwezo wake, na huko Ufaransa mtihani ukaanza mapema. Uingereza, ambayo baadaye ingeieneza desturi hii katika makoloni yake, haikuwa na haraka. Sheria yake ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, ilimtaka dereva alipe shilingi 5 na kupewa leseni. Aliyefikisha miaka 17 na kuwa na shilingi hizo alikuwa dereva. Mkono wake haukuangaliwa, wala jicho lake.

Na si kwamba hatari ilikuwa haijajulikana. Tarehe 17 Agosti 1896, katika viwanja vya Crystal Palace huko London, mama mmoja wa miaka 44 aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari lililokuwa likiwatembeza watu kwa maonyesho. Alikuwa amefuatana na binti yake. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza nchini Uingereza kuuawa na gari la petroli. Baraza la uchunguzi lilisikiliza mashahidi, likatamka kuwa ni kifo cha ajali, na dereva hakushitakiwa. Neno hilo la ajali ndilo lililoibeba nchi nzima kwa takriban miaka 40. Likishatamkwa, watu huinamisha vichwa na kwenda zao.

Mwaka 1930 sheria mpya iliondoa kikomo cha mwendo cha maili 20 kwa saa kilichokuwa kikiwabana wenye magari madogo, na ikawalazimisha wote wakate bima. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha kanuni za barabarani, kilichouzwa kwa peni moja na kuonyesha ishara za mikono kwa madereva wa magari ya injini na ya farasi vilevile. Lakini kijitabu hakimlazimishi mtu kukisoma. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, na zaidi ya 231,000 walijeruhiwa, ilhali vyombo vyote vya moto nchini humo havikuzidi milioni 2 na nusu. Wengi waliokufa hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa watembea kwa miguu na wapanda baiskeli.

Waziri wa Usafiri aliyeshika kazi mwaka huo, Leslie Hore-Belisha, alitenda mambo kadhaa kwa mpigo. Alirudisha kikomo cha mwendo, maili 30 kwa saa katika sehemu zenye makazi. Aliweka vivuko vya waendao kwa miguu, vyenye taa za duara za rangi ya machungwa ambazo hadi leo huitwa kwa jina lake. Na akaleta mtihani. Kuanzia tarehe 16 Machi 1935 aliyetaka alijitokeza kwa hiari, na kuanzia tarehe 1 Juni ikawa lazima. Mwanafunzi alitakiwa kufunga mbele na nyuma ya gari kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, ili watu wamjue na wajihadhari naye.

Inafaa msomaji ajaribu kuiona siku hiyo ya mtihani ilivyokuwa. Hapakuwa na kituo wala ofisi. Mtahini na mtahiniwa walipeana ahadi ya kukutana kando ya bustani au nje ya stesheni ya reli, wakatambuana kwa gari na kwa karatasi mkononi. Ada ilikuwa shilingi 7 na peni 6. Gari lilikuwa la mtahiniwa mwenyewe au la kuazima, na mara nyingi lilikuwa dogo, kama Austin Seven, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1922 ambalo hadi mwaka 1939 lilikuwa limetolewa idadi inayokaribia 300,000. Ndilo lililowafanya watu wa kipato cha kati waache pikipiki yenye kigari cha ubavuni wakapanda gari la magurudumu manne.

Austin Seven lilikuwa na injini ndogo isiyofikia ujazo wa sentimita 750, na klachi yenye sifa mbaya. Kanyagio lake lilikuwa na mwendo mfupi mno: lilishika au liliachia, na baina ya hayo mawili hapakuwa na nafasi ya mashauri. Katika magari ya miaka ya mwanzo, breki ya mguu ilishika magurudumu ya nyuma na ya mkono ikashika ya mbele, kila moja peke yake, hadi zilipounganishwa mwaka 1930. Gia nazo hazikukubali kubadilishwa kwa mkupuo mmoja. Dereva alikanyaga klachi, akaweka gia huru, akaachia, akaongeza mafuta kidogo, akakanyaga tena, ndipo akaingiza gia. Akikosea kipimo, chuma kililia na mtaa mzima ukasikia. Kuliondoa gari kama hilo katikati ya mlima bila ya kurudi nyuma, na kiti cha pembeni amekaa mtu kimya mwenye kalamu, ulikuwa mtihani kwa maana zote mbili za neno hilo la Kiswahili.

Kisha mtahiniwa aliambiwa arudi kinyumenyume na kuingia katika njia ya kando, ageuze gari kwa kwenda mbele na nyuma, na asimame ghafla kama kwamba mtoto amekatiza. Muda wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi ya pili: kutoka dirishani, katika mvua au jua, na kuwaambia wengine anakokwenda. Mwaka huo wa kwanza waliofaulu walikuwa 63 katika kila 100.

Kuna jambo moja katika sheria hiyo ambalo watu husahau. Mtihani uliwahusu wale tu walioanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baada yake. Wengine wote, wakiwemo waliokuwa nyuma ya usukani katika ule mwaka wa maiti 7,343, waliachwa waendelee na karatasi zao za shilingi 5. Haukuwa uadilifu kamili, bali mapatano: serikali iliogopa kuwagusa wenye magari waliokwisha kuzoea, ikaamua kuanza na watoto wao. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa na wazee waliowakemea wajukuu kwa kuanguka mtihani ambao wao wenyewe hawakuufanya kamwe.

Tangu hapo mtihani umesimamishwa mara tatu, na kila mara sababu yake ni kipande cha historia ya dunia. Mara ya kwanza ni vita: ulifungwa tarehe 2 Septemba 1939 na ukarudi tarehe 1 Novemba 1946. Katika giza la vita, taa zikiwa zimefunikwa kwa kuhofia ndege za maadui, mwaka 1941 walikufa barabarani watu 9,169. Mara ya pili ni Suez. Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mfereji mwezi Julai 1956. Vita vikafuata, njia ya mafuta ikaziba, na meli zilizokuwa zikiteremka kwa njia hiyo hadi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zikalazimika kuizunguka Afrika yote. Kuanzia tarehe 24 Novemba 1956 hadi tarehe 15 Aprili 1957 watahini wa Uingereza walipewa kazi ya kusimamia mgao wa petroli, na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha peke yao bila mwalimu pembeni. Mara ya tatu ni maradhi ya korona, mwezi Machi 2020, pale ilipokuwa hatari kwa wageni wawili kuketi bega kwa bega ndani ya gari lililofungwa.

Baina ya misukosuko hiyo gari lilikuwa likibadilika, na kila lilipobadilika lilimpunguzia mtahiniwa kazi. Morris Minor lilitoka mwaka 1948, na mwaka 1961 likawa gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja. Lilikuwa na vijimkono vidogo vilivyochomoza ubavuni kuonyesha upande wa kukata kona. Mwaka huo huo wa 1961 vikaondolewa, zikawekwa taa za kumetameta. Hata hivyo watahini waliendelea kuwataka watu watoe mikono dirishani hadi mwaka 1975. Shule za udereva nazo zilileta magari yenye kanyagio za ziada upande wa mwalimu, na gari la shule likawa ndilo gari la mtihani. Magari yanayojibadilishia gia yalipoenea, sheria iliweka mpaka: aliyefaulu kwa gari la namna hiyo haruhusiwi kuendesha lenye klachi. Leseni, kumbe, haimsifu mtu peke yake. Humsifu mtu pamoja na chombo alichokijia nacho.

Afrika Mashariki ya Kiingereza iliyapokea hayo pamoja na desturi ya kushika mkono wa kushoto: kibao cha herufi L, usukani wa upande wa kulia, na mtahini katika kiti cha kushoto. Lakini Kenya iliongeza kitu cha kwake. Kwa vizazi vingi mtahiniwa wa huko, kabla ya kuingia barabarani, amesimamishwa mbele ya ubao uliochorwa mfano wa mji, wenye njia na mizunguko, akapewa kigari cha kuchezea na kuamriwa akipeleke kutoka hapa hadi pale. Watu wazima wamesukuma kigari hicho kwa kidole huku wakitokwa na jasho. Wapo waliokicheka, lakini katika ubao ule hakuna klachi ya kusingiziwa wala breki ya kulaumiwa. Kinachobaki ni kama mtu anajua nafasi yake na ya mwenziwe.

Na hilo ndilo kiini cha jambo lote. Katika mwambao husemwa kwamba ajali haina kinga, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Ni maneno ya kumliwaza aliyefiwa, na kwa kazi hiyo hayana mfano. Balaa huja pale yanapotumiwa na aliye hai kabla ya safari. Baraza lililokaa mwaka 1896 juu ya maiti ya Bridget Driscoll lilisema maneno ya namna hiyo kwa Kiingereza, na nchi ikatulia kwa takriban miaka 40 zaidi. Mwaka 2023 waliokufa katika barabara za Uingereza walikuwa 1,624, ilhali vyombo vilizidi milioni 40. Si mtihani peke yake ulioleta tofauti hiyo. Kuna mikanda, vipimo vya ulevi, barabara bora na hospitali. Lakini mtihani ulikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyokataa kuuita kila msiba majaaliwa.

Waliopita mtihani huo, popote duniani, aghalabu hukumbuka mambo mawili: gari walilotumia, rangi yake, harufu ya viti vyake na gia iliyokuwa ngumu, na kimya cha yule aliyeketi pembeni. Wengi walikiona kimya hicho kuwa ni ukali. Nahodha alipimwa na wenziwe kwa sababu kama angekosea wangezama naye. Dereva akikosea, anayekufa mara nyingi ni mtu asiyemjua, anayevuka na kapu lake au anayempeleka mtoto chuoni, na mtu huyo hakualikwa ndani ya gari kutoa rai yake. Ndiyo maana amewekwa mgeni katika kiti cha kushoto, asiyekuwa na undugu na mwenye usukani, aketi pale kwa niaba yake.