Tarehe ya Timu ya Sewanee na Safari ya 1899

Mwaka 1899 timu ya mpira wa Kimarekani ya Sewanee ilicheza michezo 12 ikashinda yote. Ilipata alama 322 na ikafungwa 10 tu, nazo hizo 10 zilitoka kwa timu moja, Auburn. Wapinzani 11 waliobaki waliondoka mikono mitupu. Hesabu hiyo haina mbishi. Ubishi uko kwenye maana yake, kwani wapo wanaoona msimu ule ulikuwa bahati ya chuo kidogo kilichokutana na wanyonge, na wapo wanaompa kocha sifa yote. Tarehe hii inashika kauli nyingine: kwamba ushindi ule ulikuwa kazi iliyopangwa, na mpangaji wake alikuwa meneja wa timu, Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20.

Sewanee, ambacho jina lake kamili ni Chuo Kikuu cha Kusini, kiko juu ya uwanda wa Cumberland jimboni Tennessee. Maaskofu wa Kiepiskopali walikiasisi 1857, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia kati, na masomo hayakuanza hadi 1868. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Vanderbilt ya Nashville, na mchezo wa wawili hao ndio uliojaza mfuko wa timu. Mwaka ule wakagombana juu ya mgawanyo wa mapato ya mlangoni, mchezo ukafutwa. Akitokea mtu wa Nashville akasema Sewanee iliwakwepa, atueleze ni mwoga gani anayemkwepa jirani yake kisha akaenda kuitafuta Texas nyumbani kwake Austin. Ugomvi ule haukuwa wa woga, ulikuwa wa fedha. Na pengo la fedha ndilo lililomfanya Lea akae na ratiba za treni, akapatana na vyuo vitano vya mbali, akaviweka vyote ndani ya siku sita.

Safari ilikuwa ya kama kilomita 4,000. Novemba 9 waliishinda Texas 12–0. Siku ya pili, mjini Houston, wakaishinda Texas A&M 10–0. Siku ya tatu, New Orleans, Tulane ikalala 23–0. Novemba 12 ilikuwa Jumapili, na wana wa chuo cha kanisa hawakucheza. Jumatatu wakaifunga LSU 34–0 huko Baton Rouge, na Jumanne, mjini Memphis, wakaifunga Mississippi 12–0. Usiku walilala ndani ya behewa, na maji waliyokunywa yalitoka kwenye chemchemi ya kwao, kwa maana Lea alipakia mapipa mawili ili wachezaji wasiugue matumbo kwa maji ya ugenini. Wazee wa Sewanee wanasimulia pia kwamba treni ilipokwisha kuondoka, viatu vya timu nzima vilikutwa vimesahaulika kituoni. Lea akapiga simu ya maandishi kimyakimya, viatu vikafuata kwa treni nyingine, na wachezaji hawakujua lolote mpaka vilipofika. Habari hiyo imepokewa hivyo, nayo inafanana na mtu mwenyewe.

Hoja nzito ya wanaoipinga kauli hii ni kwamba baadhi ya timu zile zilikuwa dhaifu. Ni kweli: Tulane haikushinda mchezo hata mmoja mwaka ule, na LSU haikuwa na nguvu. Lakini Texas na Texas A&M hazikuwa timu za kupuuzwa, na ndizo zilizowekwa mwanzo wa safari, siku mbili mfululizo. Aidha, anayepima kwa mpira wa leo anapotoka. Mwaka 1899 hakukuwa na pasi ya kurusha mbele, kwa kuwa iliruhusiwa 1906. Timu ilikuwa na majaribio matatu ya kusogea yadi tano, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ni kugongana miili katikati ya uwanja. Aliyetolewa nje hakurudi, na wale wale walioanza ndio waliomaliza. Nahodha Henry Seibels alipasuka kichwa katika mchezo wa Texas na bado akaendelea. Kwa mpira wa namna hiyo, adui wa siku ya tano ni uchovu kuliko timu iliyo mbele yako, na uchovu huo haukuwapa wapinzani alama hata moja. Wengine hukumbusha kwamba Sewanee ilipoingia Ligi ya Kusini-Mashariki miaka ya 1930 haikushinda mchezo wowote wa ligi. Hilo ni la wajukuu. Halifuti kazi ya babu zao.

Kocha alikuwa Billy Suter, aliyetoka Princeton. Suter alifundisha vizuri, lakini alibaki Sewanee baada ya mwaka ule na safari kama ile haikufanyika tena, kwani kufundisha ni jambo moja na kuifikisha timu uwanjani ikiwa na afya, viatu na nauli ni jambo jingine. Tabia ya Lea ilionekana hata baadaye. Alianzisha gazeti la The Tennessean mwaka 1907, akawa seneta, na Januari 1919, akiwa kanali wa mizinga, aliongoza kikundi cha wanajeshi hadi kwenye ngome ya Amerongen, Uholanzi, akitaka kumchukua Kaiser Wilhelm wa Pili aliyekuwa amekimbilia huko. Kaiser hakutoka, na wageni wakaondoka bila yeye. Lea aliishia kufungwa kwa kesi ya benki, na wako wanaolipunguza jina lake kwa ajili hiyo. Kesi ya miaka ya 1930 haina ushahidi wowote juu ya Novemba 1899.

Limebaki la Auburn. Novemba 30, mjini Montgomery, Sewanee ilishinda 11–10, na kocha wa Auburn, John Heisman, aliandika gazetini kumlalamikia mwamuzi. Kufikisha mpira nyuma ya mstari kulikuwa na alama tano, na teke la baada yake alama moja. Kila timu ilifikisha mara mbili, na teke moja likaamua. Tukubali kwamba Auburn ilicheza vizuri kuliko wote waliokutana na Sewanee. Lakini anayedai kwamba siku ile ilifichua udhaifu atazame Desemba 2, siku mbili baadaye: miili ile ile ilishuka uwanjani Atlanta dhidi ya North Carolina, ikashinda 5–0.